Kilo zimerudi, nguvu ziko wapi?

Nje ya Old Taxi Park, Kampala, kuna vijana hukaa kando ya njia wameweka chini mizani ndogo ya kusimamia. Unavua viatu, unapanda, unampa shilingi 500, anakutajia kilo zako, unaendelea na safari. Hapo ndipo mjomba wangu alipojua kwamba mwili wake umepungua kilo 13. Tulikuwa tumetoka hospitalini asubuhi hiyo, mara yetu ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Walikuwa wameshampima damu, wameshampiga picha za tumbo, wameshaingiza kamera na kukata kipande cha uvimbe uliokuwa sehemu ya juu ya rektamu, pale utumbo mpana unapokaribia njia ya haja kubwa. Mizani ilikuwepo koridoni, pembeni ya meza ya muuguzi, imeisha betri. Kwenye faili, mahali pa kuandika uzito, palikuwa patupu. Kijana wa barabarani akamwambia, "Mzee, 71." Mwaka uliotangulia, alipopimwa kazini, alikuwa na 84.

Mjomba ni dereva wa lori. Kwa zaidi ya miaka 30 amepeleka makontena kutoka Mombasa kupitia Malaba hadi Kampala, na wakati mwingine hadi Juba. Nyumbani kwake ni Malaba, upande wetu wa mpaka, Uganda, na Kiswahili ndiyo lugha ya kazi yake, ya nyumba yake na ya msikiti wake. Alishuka kwenye ile mizani, akavaa viatu polepole, akaniambia, "Usimwambie mama yako."

Nilimwelewa. Mtu wa rika lake hawezi kusikia neno kukonda bila kukumbuka miaka ya 1980. Ugonjwa ulioanza kuonekana Rakai, kando ya Ziwa Victoria, watu waliuita kwa dalili ambayo kila jicho liliiona: Slim. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wa nje walipouandikia jarida la Lancet, waliuita hivyo hivyo, na mpaka leo kwa Kiganda UKIMWI ni siliimu. Kizazi kizima kilijifunza kusoma mashavu ya mtu kabla ya kumuuliza habari. Kwa hiyo anayepungua kwa saratani ya utumbo, kama mjomba, hubeba mizigo miwili, ugonjwa wenyewe na macho ya jirani. Huvaa shati juu ya shati. Huacha kwenda harusini. Wengine huahirisha kwenda kupimwa kwa sababu wanaogopa jibu ambalo hata si lao.

Imani hiyo ina upande wa pili, nao hujitokeza baada ya upasuaji. Mgonjwa akianza kunenepa, familia nzima hushusha pumzi. "Amepona, tazama mashavu." Nimemuuguza mjomba kwa mwaka mmoja na miezi, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba pande zote mbili zinawaumiza wagonjwa wetu. Huu wa pili unaumiza zaidi, maana hakuna anayeushuku.

Kilo ni jumla. Ndani yake mna maji, mafuta, mifupa, misuli, chakula kilichomo tumboni na, kwa mgonjwa wa saratani, pengine uvimbe wenyewe. Siku ya tatu baada ya upasuaji mtu anaweza kuzidi kilo mbili au tatu kuliko alivyoingia, na zote zikawa ni maji ya dripu yaliyojikusanya miguuni na kwenye kuta za utumbo. Mwenye maji tumboni kwa sababu ugonjwa umesambaa anaweza kuwa na kilo zile zile za mwaka jana huku mabega yamebaki mifupa. Mizani haitofautishi. Ila mshono wa ndani ukitakiwa kushika, kohozi likitakiwa kutoka, mtu akitakiwa kusimama siku ya pili na kwenda chooni kwa miguu yake, kinachofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni misuli, na protini ambayo mwili unaichota humo humo pale chakula kinapokosekana.

Ndiyo maana kilo 13 zile zilikuwa habari kubwa kuliko tulivyodhani. Mtu aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake ndani ya miezi sita kabla ya upasuaji huhesabiwa kuwa hatarini. Mjomba alikuwa amevuka 15, ingawa kwa muda mrefu kidogo. Hakuwa peke yake. Mwaka 2023 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofuatilia zaidi ya wagonjwa 5,700 waliopasuliwa kwa saratani ya utumbo mpana au ya tumbo katika nchi 75. Kwa jumla, mmoja kati ya watatu alikuwa na utapiamlo mkali. Katika nchi za kipato cha chini na zile zinazozifuata kwa karibu, ilikuwa karibu 63 kati ya kila 100. Na utapiamlo huo uliongeza uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 kila mahali, katika nchi tajiri na katika nchi maskini.

Nilipoisoma hesabu hiyo nilikaa nayo siku nzima. Tunajua kwa nini saratani inatuua hapa: tunachelewa kufika, vipimo ni ghali, na mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini iliharibika na nchi ikakaa bila mionzi mpaka nyingine ilipokuja. Mambo hayo yanahitaji bunge, bajeti na miaka. Lakini sehemu ya vifo hivi inapitia kwenye sahani, na sahani iko mikononi mwetu sisi tunaouguza, kwa sababu katika hospitali zetu anayeleta chakula wodini ni ndugu wa mgonjwa. Miongozo ya wataalamu wa lishe wa Ulaya inasema wazi kwamba mgonjwa aliye dhaifu sana kwa lishe apewe siku 7 hadi 14 za kulishwa vizuri kabla ya upasuaji mkubwa, hata kama ni wa saratani na itabidi tarehe isogezwe. Sisi tulisubiri tarehe kwa wiki tano. Wiki tano hizo hakuna aliyetuambia neno juu ya chakula, na mjomba alikuwa anakunywa uji na chai ya rangi kwa kuogopa maumivu ya tumbo.

Halafu ikaja ile desturi ya kufunga. Aliambiwa asile wala asinywe chochote kuanzia saa sita usiku. Saa nane mchana muuguzi akaja kusema ratiba imevurugika, kuna mama mjamzito wa dharura. Haki yake yule mama, wala sina neno. Mjomba akala ndizi mbivu mbili na chai, saa sita usiku ikafika, akafunga tena. Alipoingia chumba cha upasuaji siku ya pili, saa kumi jioni, ilikuwa imepita takriban siku nzima na theluthi mbili, na tumboni mna ndizi mbili. Kinachotakiwa siku hizi ni kuacha chakula kigumu muda wa saa sita kabla ya ganzi, na vinywaji vyepesi kama maji na chai isiyo na maziwa muda wa saa mbili. Mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, alianza kuzihoji desturi hizi za kufunga, kulaza na kungoja tangu miaka ya 1990. Alionyesha kwamba mgonjwa wa utumbo akila mapema na kutembea mapema hutoka hospitalini mapema. Hakuna mashine ya ajabu katika mambo hayo. Kumruhusu mtu anywe chai kunahitaji tu mtu wa kumwambia muuguzi wa zamu kwamba upasuaji umeahirishwa sasa hivi, siyo saa nane.

Baada ya upasuaji wageni walikuja wengi, Mungu awalipe, na kila mmoja alikuja na chupa ya soda, juisi ya pakiti au kopo la glukosi. Dirishani palikuwa kama duka. Mkewe alileta matoke yaliyopondwa na mchuzi mwepesi, kwa upendo wote, kwa sababu matoke ndicho chakula cha mgonjwa. Sasa fanya hesabu pamoja nami. Mtu wa kilo 70 anayepona upasuaji wa saratani anahitaji protini kati ya gramu 84 na 105 kwa siku, yaani gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili. Sahani ya matoke ya gramu 300 ina kama gramu tatu au nne. Soda haina hata moja. Yai moja lina kama sita. Nusu lita ya maziwa, 16 au 17. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, kama 15, ingawa maharage huleta gesi na yanafaa kungoja wiki kadhaa. Mukene waliokaushwa, wale dagaa wa ziwani ambao wengi wetu tunawadharau kama chakula cha kuku, wana zaidi ya nusu ya uzito wao kuwa protini. Tuliwasaga wakawa unga, tukauchanganya kwenye uji wa asubuhi na kwenye mchuzi laini wa karanga wa jioni. Ukweli ni kwamba hakupenda. Alikula kwa sababu nilimwonyesha hesabu, naye ni mtu wa hesabu za mzigo.

Kitanda nacho kinakula. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema kabisa walilazwa kitandani siku 10 bila kushuka, na miguu yao ilipoteza karibu kilo moja ya nyama. Hawakuwa wamepasuliwa wala hawakuwa na saratani. Ndugu wanaomzuia mgonjwa asishuke kitandani kwa kumhurumia, na mimi nilikuwa mmoja wao siku mbili za kwanza, wanampunguzia miguu bila kujua.

Ili mshono wa ndani upone kwa usalama, mpasuaji alitoa sehemu ya utumbo mwembamba nje ya tumbo kwa muda, upande wa kulia, na haja ikawa inatokea hapo kuingia kwenye mfuko. Wiki ile mifuko ya kubandika ilikuwa imekwisha wodini. Tulikata kaveera, yaani mfuko wa plastiki wa dukani, tukakunja ukingo wake kuzunguka lile tundu jekundu, tukafunga kwa bandeji kiunoni, na kila baada ya muda mfupi tukabadilisha kabla halijavuja kwenye ngozi. Nyumbani Malaba tulipata mifuko halisi, lakini haja ikawa maji matupu, mifuko sita, saba kwa siku. Ndani ya siku sita alipungua kilo nne. Macho yaliingia ndani, mkojo ukawa wa rangi ya chai. Mama yangu, aliyekwishajua kila kitu wakati huo, alilia jikoni akiamini saratani imerudi.

Haikuwa saratani. Kilo inayopotea ndani ya siku moja ni takriban lita moja ya maji. Ugonjwa hauli mwili kwa kasi hiyo. Utumbo mpana ndio unaofyonza maji na chumvi mwishoni mwa safari, na kwake safari ilikuwa inaishia kabla ya kufika huko. Tulikuwa tunamnywesha maji matupu jagi baada ya jagi, kumbe maji matupu kwa wingi huongeza mtiririko. Alihitaji maji ya chumvi na sukari, yale yale ya pakiti anayopewa mtoto mwenye kuhara, chumvi zaidi kwenye chakula, posho (ugali wa mahindi), wali na ndizi mbivu za kukazia, na dawa ya kupunguza mwendo wa tumbo aliyoandikiwa na daktari. Siku tano baadaye kilo tatu zilikuwa zimerudi. Tungekuwa hatuna mizani ndogo nyumbani, ambayo nilikuwa nimeinunua kwa sababu ya yule kijana wa Old Taxi Park, tungengoja mpaka figo zimlemee.

Majirani nao walikuja na miwa, mahindi ya kuchoma, fenesi, mboga za majani za kila namna, kwa sababu wamesikia kwamba nyuzi za chakula huzuia saratani ya utumbo. Maneno hayo yana asili yake hapa hapa. Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, ndiye aliyeeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya wa watoto unaoitwa kwa jina lake duniani kote. Baadaye, akiwa amekwisharudi Uingereza, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu Afrika kwa sababu ya wingi wa nyuzi katika chakula chetu. Hoja yake juu ya nyuzi imesimama kwa sehemu kubwa. Adimu ndiyo haikudumu: rejista ya saratani ya Kampala, inayowafuatilia wakazi wa Kyadondo, yaani Kampala na viunga vyake, tangu miaka ya 1950, imeonyesha saratani hii ikipanda. Lakini Burkitt alizungumzia miaka mingi ya kula, kwa mtu mzima wa afya. Utumbo uliokatwa na kuungwa juzi umevimba ndani. Nyuzi za muwa na fenesi zinaweza kuuziba, hasa pale unapopita kwenye ukuta wa tumbo kutoka nje. Wiki za mwanzo ni za chakula laini na chenye protini. Mboga zinarudi taratibu baadaye, na zikirudi zisiondoke tena.

Nimekutana pia na watu wanaosema kinyume: usimpe sukari, usimpe nyama, mfungishe, saratani ife njaa. Wanasema kwa uhakika mkubwa na video ziko kwenye simu. Mgonjwa aliyekwishapoteza asilimia 15 ya mwili wake akifungishwa, anayekufa njaa ni yeye. Sina subira na ushauri huu.

Upande wa unene lazima tuongee kwa haki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya wanne wa umri wa kuzaa Uganda ana uzito uliozidi, na hao nao wanaugua utumbo. Kwa mnene sana upasuaji ni mgumu zaidi: mafuta yanaficha mishipa, kidonda hupata usaha kirahisi, ngiri hutokea kwenye mshono, na mfuko wa haja ukibandikwa penye mkunjo wa tumbo haushiki. Mpasuaji mzuri humkalisha mgonjwa kitini na kuweka alama ya kalamu kabla ya kumlaza, ili mgonjwa mwenyewe aone tundu litakapokaa. Ni dakika tano. Mwanamke mmoja aliyekuwa kitanda cha jirani hakuwekewa alama hiyo, na kila asubuhi alimwomba binti yake amshikie tumbo juu ili abandike mfuko asiouona.

Wakati huo huo, kuna tafiti za Marekani zinazosema waliokuwa na uzito uliozidi kidogo waliishi muda mrefu zaidi baada ya saratani ya utumbo kuliko waliokuwa na uzito unaoitwa wa kawaida. Habari hiyo ikifika kwetu bila maelezo itapokewa kwa vigelegele: mnenepesheni! Lakini watafiti wa California waliosimamia kazi hiyo hawakuishia hapo. Walichukua picha za CT ambazo wagonjwa wao zaidi ya 3,200 walikuwa wamekwishapigwa, wakapima misuli iliyoonekana humo. Asilimia 42 walikuwa na upungufu wa misuli, na hatari yao ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 27. Baadhi yao hawakuwa wembamba hata kidogo. Mizani ilikuwa inawapa sifa ya akiba ambayo hawakuwa nayo.

Mjomba alimaliza kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, utumbo ukarudishwa ndani, na miezi minne baadaye alikuwa na kilo 79. Malaba ilifurahi. Mashavu yalikuwepo, kitambi kilikuwepo kuliko zamani, suruali haifungi. Alirudi kwa tajiri wake kuomba gari. Nilikuwa nimefuatana naye siku hiyo, nikamwona akishika mpini wa mlango wa lori, akaweka mguu wa kushoto kwenye ngazi ya kwanza, akajivuta, akarudi chini. Akajaribu tena. Utingo akaja nyuma kumsukuma kiunoni, na hilo ndilo lililomtoa machozi, mzee aliyepanda kabini hiyo mara elfu na elfu.

Jioni yake alinieleza jambo nililokuwa nikilitafuta kwenye majarida. Akasema, mpwa wangu, pale mizani ya Busitema gari la ekseli saba linaruhusiwa tani 56. Unaweza kufika na tani 52 wakakusimamisha. Kwa nini? Kwa sababu mzigo umeteleza, umekaa wote kwenye ekseli za nyuma, jumla ni halali lakini gari halifai barabara. "Mimi ndivyo nilivyo sasa. Mzigo umerudi, umekaa pasipo pake."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Alikuwa ameongeza kilo nyingi kwa posho, soda na miezi ya kukaa chini ya mwembe, na sehemu kubwa ilikaa tumboni. Miguu ilibaki ile ya wodini. Na hapa naona kosa letu kubwa, la familia na la kliniki kwa pamoja: tulipoona kilo zinapanda tuliacha kuuliza. Kipimo kingine kilikuwepo na hakigharimu kitu. Mtu anakaa kwenye kiti cha kawaida, anakunja mikono kifuani, anasimama na kukaa mara tano kwa haraka anayoweza. Akizidi sekunde 15, misuli ya miguu ni dhaifu. Mjomba alitumia 24.

Mwaka 2025 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti wa miaka mingi, wengi wa wagonjwa wake wakiwa Canada na Australia. Waliomaliza upasuaji na kemo kwa saratani ya utumbo mpana, 889 kwa jumla, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kitabu cha ushauri, jingine likapewa mtu wa kulisimamia kufanya mazoezi kwa miaka mitatu, mengi yakiwa ni kutembea kwa haraka. Baada ya miaka minane, waliokuwa hai ni asilimia 90 katika kundi la mazoezi, na 83 katika jingine. Mtu angevumbua kidonge cha namna hiyo, tungekiuza kwa dola. Kutembea kwa haraka kutoka Malaba mjini hadi barabara ya Tororo ni bure, ila mgonjwa anahitaji wa kumwambia aanze lini na asinyanyue nini. Jerikeni la maji ni kilo 20. Wiki sita hadi nane za kwanza halimhusu, maana ukuta wa tumbo bado haujashika na ngiri iko karibu.

Uganda inajua kupima uzito, na hili ndilo linaloniuma. Mama yeyote aliyelea hapa anaijua kadi ya mtoto, ile yenye mistari. Kila akienda chanjo mtoto huning'inizwa kwenye mizani, nukta inawekwa, nukta zinaungwa, na mstari ukilala muuguzi anaanza kuuliza maswali. Kazi hiyo inafanyika mpaka kwenye vituo vidogo vya vijijini. Muuguzi huyo huyo, kwenye kituo hicho hicho, anaweza kumwekea nukta aliyepasuliwa utumbo. Kilo kila anapofika, sekunde za kiti pembeni yake, alichokula jana. Dozi za kemo hukokotolewa kwa urefu na uzito. Mgonjwa aliyepungua kilo 10 bila kupimwa upya anaweza kupewa dawa inayomzidi. Na miezi ikishapita, mstari unaoshuka bila sababu ya chakula wala ya kuhara ni wa kumrudisha mtu hospitali kuu apimwe damu na kupigwa picha, kabla jirani hajaanza kunong'ona. Mchango ninaouomba ni betri za mizani na safu mbili kwenye kadi.

Juzi mjomba alinipigia kutoka Malaba. Kilo zimeshuka, akasema, 76, na sauti yake haikuwa na hofu. Kila alfajiri baada ya swala anatembea mpaka foleni ya malori inapoanzia na kurudi, na mkewe anamchemshia mayai mawili. Akaniambia nisubiri, akaweka simu mezani. Nikasikia kiti kikisogezwa sakafuni, halafu sauti ya mkewe akihesabu, na pumzi za mtu anayesimama na kukaa. Mkewe ndiye aliyerudi kwenye simu. "Kumi na sita," akasema. Nyuma yake mjomba alikuwa anauliza kama kile kiti cha jikoni, kilicho kirefu kidogo, nacho kinakubalika.